Mbalamwezi na Deraya: Ufundi Katika Michezo ya Kuigiza Wahusika

Mwezi ukipevuka, wavuvi wa Rumonge, mji wa Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, hukaa nchi kavu. Ndagala, yaani dagaa wa ziwa hilo, huvuliwa usiku kwa taa: mitumbwi miwili au mitatu iliyounganishwa kwa miti husimama gizani, taa zikawashwa juu ya maji, samaki wakaufuata mwanga, kisha wavu ukainuliwa kutoka chini yao. Mbalamwezi ikitapakaa ziwa zima, taa ya mvuvi haina tena la kumwambia samaki. Basi kwa siku kadhaa kila mwezi vyombo huvutwa ufukweni, na hapo kazi nyingine huanza. Nyavu hutiwa viraka, mbao zilizooza hung'olewa, pamba ya kalafati yenye mafuta hupigwa kwenye nyufa, taa hufunguliwa na kusafishwa.

Nimeanza na usiku huo kwa sababu umebeba jibu la swali ambalo watunzi wa michezo ya mezani wamehangaika nalo kwa nusu karne. Kwa asiyeijua michezo hiyo: watu wanne au watano huketi pamoja, mmoja akawa msimuliaji anayeushika ulimwengu wote mkononi, wengine kila mmoja akaigiza mhusika wake, mpiganaji, mganga au mwizi. Wanasema wanachofanya, na jambo likiwa na mashaka dadu huamua. Mama wa michezo hiyo ni Dungeons & Dragons, iliyotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax pamoja na Dave Arneson. Ni ulimwengu wa mapanga, majini na dawa za ajabu. Na popote unapochezwa hufika siku mchezaji mmoja akasema: upanga huo siununui, nataka kuufua mwenyewe.

Hapo msimuliaji hukuna kichwa. Akisema sawa, chukua, ufundi umekuwa bure. Akisema kaa ufue miezi kumi, wenzake watatu wafanye nini miezi yote hiyo? Na akimruhusu kununua chuma kwa bei ndogo na kuuza panga kwa bei kubwa, baada ya vikao vitatu hakuna tena mashujaa mezani, kuna kampuni ya biashara.

Vitabu vya kanuni vilijibu kwa hesabu, na hesabu zenyewe zinafaa kutazamwa kwa karibu. Tangu 1974 mchawi aliweza kuandika hati ya uchawi kwa sarafu 100 za dhahabu na wiki moja kwa kila daraja la uchawi huo. Toleo la tatu, la mwaka 2000, likaufanya ufundi kuwa stadi kama kuogelea au kupanda ukuta. Chukua deraya kamili ya mabamba ya chuma, ambayo bei yake ni sarafu 1,500 za dhahabu. Fundi hulipa theluthi moja, yaani 500, kwa malighafi. Kila wiki hurusha dadu, jumla yake huzidishwa na ugumu wa kazi ambao ni 18, na zao ndilo thamani ya kazi ya wiki hiyo kwa sarafu za fedha. Anayepata 20 kila wiki atakuwa amefanya kazi ya 360, na deraya inadai 15,000. Ni wiki 42 hivi. Toleo hilohilo linasema kuutia upanga uchawi wa daraja la kwanza ni kazi ya siku mbili, sarafu 1,000 na alama 80 za uzoefu. Mchawi anamaliza Jumanne, na mhunzi bado anavukuta hadi mwakani.

Toleo la 2014 likarahisisha: kila siku fundi huongeza thamani ya sarafu 5, malighafi ni nusu ya bei, hivyo deraya ni siku 300. Toleo la 2024 likaamua bei igawanywe kwa kumi, na deraya ikawa siku 150. Kati ya vitabu hivyo viwili chuma hakikubadilika wala nyundo. Kilichobadilika ni wino.

Kosa, kwa maoni yangu, haliko kwenye ukubwa wa namba. Liko kwenye mpangilio wake: bei imetangulia, kazi ikaburutwa nyuma yake. Kitu kinachukua muda mrefu kwa sababu ni ghali. Kwa kanuni ya 2014 mashua ndogo ya makasia, yenye bei ya sarafu 50, humalizika kwa siku 10, hata kama mti wenyewe bado umesimama mlimani na ndege wamo ndani. Kidani cha dhahabu chenye bei mara mia ya mashua hiyo kitamkalisha sonara siku 1,000. Hakuna fundi aliyewahi kuishi hivyo.

Wahenga wa pwani walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo, wakimaanisha yale magogo ya kutelezeshea jahazi mpaka majini. Kwenye Ziwa Tanganyika la karne ya 19 nyenzo ngumu kuliko zote ilikuwa mti wenyewe. Mitumbwi mikubwa ilitegemea magogo ya Ugoma, ng'ambo ya magharibi, upande ambao leo ni Kongo. Aliyetaka chombo kikubwa upande huu wa mashariki alikuwa na safari ya kufanya kabla ya shoka la kwanza. Ilibidi avuke, apatane na watu wa huko, kisha arudi na chombo kwenye maji yenye tufani. Ukiwapa wachezaji mambo hayo una vikao vinne vya kucheza. Ukiwapa siku 10 na sarafu 25 za malighafi, una mstari mmoja kwenye daftari.

Mafuta ya mawese, ambayo Rumonge huyaita mamesa, yanafundisha zaidi, na hapa nitakawia kidogo. Uwanda wa Imbo, kati ya ziwa na milima, umejaa michikichi. Mikungu hukatwa, kisha huachwa siku chache ili chikichi zilegee. Hupukuswa, huchemshwa katika pipa, hukamuliwa kwa mashine ya kuzungusha kwa mikono, na mafuta huchemshwa tena maji yatoke, ndipo yakamiminwa kwenye bidoni za lita 20. Nyuzi zilizobaki huwa kuni za pipa linalofuata. Kokwa nazo huvunjwa zikatoa mafuta ya aina nyingine, yanayokwenda kwenye sabuni.

Tazama siku zile za kuacha mikungu. Hakuna anayefanya kazi yoyote, na bado hazirukiki. Kanuni za mezani huhesabu siku za jasho tu, hazijui kungoja. Lakini kungoja ndiko kunakomfaa msimuliaji kuliko yote, kwa sababu fundi anayengoja yuko huru kwenda na wenzake pangoni. Anaweza kupigana na jini leo na kurudi kesho kutwa kukuta chikichi zimelegea, au zimeoza kwa sababu alichelewa.

Tena tazama ubora unavyoamuliwa. Mchikichi wa kienyeji, ambao wataalamu huuita dura, una kokwa yenye gamba nene na nyama kidogo. Ule wa mbegu chotara, tenera, una gamba jembamba na nyama nyingi, na mkungu mmoja hutoa mafuta zaidi sana. Mkamuaji mwenye mikono bora duniani hatapata kwenye dura kilichomo kwenye tenera. Uamuzi huo ulifanywa na aliyepanda, miaka mingi iliyopita, pengine ni marehemu. Mezani hili lina maana ya wazi: dadu ya fundi isiamue kama anaweza, maana fundi ni fundi. Iamue alichokipata kutokana na alichokuwa nacho. Mafuta yaliyoungua bado ni mafuta, yatawaka kwenye taa hata kama hayaliki. Kanuni ya toleo la tatu kwamba ukishindwa vibaya unapoteza nusu ya malighafi inamfanya mhunzi wa miaka ishirini aonekane mlevi.

Kuna jambo ambalo karibu kila kitabu kimelisahau: ruhusa. Mashariki ya Kigoma, Uvinza, kuna chemchemi za maji ya chumvi zilizochemshwa kwa karne nyingi, na chumvi yake ilifika Burundi na pande zote za ziwa. Kazi yenyewe si ngumu, chungu na kuni vinatosha. Lakini ilifanyika kiangazi tu, kwa kuwa mvua huleta mafuriko yanayozimua maji ya chumvi. Msimu ulifunguliwa kwa tambiko, na watemi wa Uvinza walichukua sehemu yao kwa kila aliyekuja kuchemsha, awe mwenyeji au mgeni wa mbali. Kwa hiyo mtu mwenye chungu, kuni na ujuzi wote bado hana chumvi mpaka mwenye chemchemi amkubalie. Mchezaji wa Dungeons & Dragons angelipia ushuru kwa sarafu na kuendelea. Msimuliaji mzuri angemuuliza mtemi anataka nini safari hii.

Siku zile za mbalamwezi zinarudi hapa. Vitabu vya mchezo vina jina la muda ulio kati ya safari moja na nyingine, muda wa mapumziko, na ndani yake hutupwa ufundi wote. Shida ni kwamba muda huo hauna sababu. Msimuliaji hutangaza tu kwamba zimepita wiki tatu, kila mtu aseme alifanya nini. Mvuvi wa Rumonge ana mapumziko kwa sababu mwezi umemfungia ziwa, na anajua lini utamfungulia. Akitaka kuunda chombo kipya ana siku hizo tu, au akose usiku wa giza ambao wenzake wanavua. Muda wa fundi una thamani pale tu unapogombaniwa na jambo jingine.

Mchezo mmoja ulilielewa hilo mapema. Ars Magica, wa Jonathan Tweet na Mark Rein-Hagen, uliotoka 1987, unahesabu maisha ya mchawi kwa majira manne ya mwaka. Majira moja ukikaa karakanani kutia uchawi pete, majira hayo hukusoma, hukusafiri, hukumfundisha mwanafunzi wako. Hakuna haja ya kukuogopesha kwa gharama, umri wako ndio sarafu. Toleo la tatu la Dungeons & Dragons lilijaribu jambo la jirani kwa kukata alama za uzoefu kila ulipotengeneza kitu cha kichawi, na wachezaji wengi waliliona kama adhabu. Nawaelewa. Fundi anayesahau kidogo kila anapotengeneza kitu ni kichekesho, maana duniani ni kinyume chake.

Jibu ninalolipenda kuliko yote limo katika Apocalypse World, mchezo wa Vincent Baker wa mwaka 2010, ambao wala si wa mapanga na majini, ni wa dunia iliyoharibika. Fundi wake ana karakana. Akisema anataka kuunda kitu, msimuliaji hamkatalii. Humwambia ndiyo, kisha huongeza masharti machache: itachukua siku au wiki kadhaa, au itabidi kwanza upate kitu fulani, au utamhitaji mtu fulani akusaidie, au itakula mali nyingi, au utakachopata kitakuwa dhaifu, au kitakutia hatarini. Hakuna jedwali la bei. Soma masharti hayo huku ukiwaza magogo ya Ugoma, chemchemi za Uvinza na chikichi zinazongoja, utaona kwamba mtunzi, pengine bila kujua, ameandika jinsi ufundi ulivyo mahali ambapo hakuna duka la kila kitu.

Kama unataka mfano mkubwa zaidi wa masharti hayo, ziwa lenyewe linao. Meli ya Graf von Götzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa majini Februari 1915. Waliokuja nayo kutoka kiwandani walikuwa mafundi watatu tu. Julai 1916 vita vilipowaelemea, Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini kwanza waliipaka mitambo grisi nzito. Waingereza wakaiibua 1924, na tangu 1927 ikaitwa Liemba. Grisi ile ndiyo ninayoihusudu. Fundi anaamriwa kukiangamiza chombo chake, na anatii kwa namna itakayomwezesha mwingine kukifufua. Hakuna kanuni ya mezani ninayoijua inayompa mchezaji nafasi ya kufanya hivyo, nayo ingekuwa rahisi kuandika.

Vitu vya kichawi ni suala la pekee, na hapa Burundi ina neno la kusema kuliko vitabu vyote. Kwa Kirundi ingoma ni ngoma, na ingoma ni ufalme. Ngoma hutobolewa katika gogo la umuvugangoma, mti ambao wataalamu huuita Cordia africana, ikafunikwa ngozi ya ng'ombe. Haikuwa kazi ya yeyote mwenye patasi. Kulikuwa na koo zilizopewa dhamana ya kuzitengeneza, kuzitunza na kuzipiga, katika mahali patakatifu kama Gishora karibu na Gitega. Juu ya ngoma zote ilikuwepo Karyenda, ngoma ya mwami, yaani mfalme, iliyohusishwa na umuganuro, sherehe ya mbegu za mtama. Bendera ya ufalme baada ya uhuru wa 1962 ilikuwa na ngoma hiyo katikati. UNESCO iliuingiza uchezaji wa ngoma za kifalme katika orodha yake ya urithi mwaka 2014, na mwaka 2017 amri ya rais ikaweka kwamba wanawake wasizipige.

Sasa uliza Karyenda ilitengenezwa lini. Gogo lilipotobolewa? Ngozi ilipowambwa? Kwa fundi, ngoma iliyo pembeni yake ina mti uleule na ngozi ileile. Kilichoifanya kuwa ufalme ni ukoo ulioilinda, mwami aliyeitegemea, na watu waliokubali. Kitu cha kichawi mezani kingefaa kizaliwe hivyo. Mhunzi afue upanga mzuri, wa chuma tu. Halafu upanga uvuke mto mikononi mwa aliyekufa akiulinda, uapiwe, uibwe, urudishwe, na siku moja wachezaji wagundue kwamba huo si tena upanga wa kawaida. Siku mbili na sarafu 1,000 haziwezi kufanya kazi hiyo. Na swali la nani anaruhusiwa kukishika lina uzito sawa na la nani amekitengeneza. Amri ya 2017 inakera wengi, nami mmoja wao, lakini inaonyesha kwamba kitu chenye nguvu hakiachwi bila wa kukigombania.

Wapo watakaoniambia kwamba napuuza furaha ya hesabu, na wana haki kiasi. Kuna wachezaji wanaopenda kuorodhesha kila unyoya na kila jino. Wakimuua mnyama mkubwa, kabla damu haijakauka wameshauliza ngozi yake inatengeneza deraya ya aina gani. Mwambao wa ziwa hili umewahi kuwa na mnyama wa namna hiyo: Gustave, mamba wa mto Rusizi na kingo za ziwa, aliyepewa jina na Mfaransa Patrice Faye, aliyejaribu kumnasa kwa mtego katika filamu ya mwaka 2004 akashindwa. Husemwa alikuwa na urefu wa mita sita na alikula watu 300, namba ambayo hakuna aliyeihesabu. Nyongeza ya mwaka 2017 ya Dungeons & Dragons ilikaribia jambo zuri hapa iliposema kitu cha kichawi kihitaji malighafi adimu inayopatikana kwa kukabiliana na kiumbe. Lakini ikakipima kiumbe kwa namba ya ukali wake tu. Kwa kanuni hiyo, mamba yeyote mwenye ukali sawa angefaa. Ngozi ya Gustave ingekuwa na thamani kwa sababu ni ya Gustave, na kila familia iliyopoteza mtu ingekuwa na neno kuhusu nani aivae.

Hofu ya wachezaji kugeuka wafanyabiashara nayo ilijibiwa kwa kifungo: toleo la tatu likasema bidhaa ya mchezaji huuzwa kwa nusu bei, basi faida ya fundi ikawa ndogo. Soko la ndagala lina dawa nyepesi zaidi. Usiku mmoja vyombo vyote vikirudi vimejaa, asubuhi bei imeanguka, na asiye na mahali pa kuwaanika hukubali atakachopewa. Mwache mchezaji auze upanga wa kwanza kwa faida na wa pili kwa faida. Wa kumi na mbili hauna mnunuzi, na mhunzi wa mji ule, aliyekuwa akiishi kwa kazi hiyo kabla ya wageni, amekuja mlangoni na ndugu zake.

Vitu vidogo havihitaji lolote kati ya haya. Wavu uliochanika utatiwa kiraka wakati watu wakizungumza, na dadu zibaki mfukoni.

Michezo iliyojaribu kuivaa Afrika haijatusaidia sana katika hili. Nyambe, kitabu cha Christopher Dolunt cha mwaka 2002, kilikuwa na heshima kwa mambo ya bara hili, lakini kiliegemea kanuni za toleo la tatu, na hesabu ya mhunzi ikaja pamoja nazo. Ukibadilisha majina ya silaha na kuacha hesabu, fundi bado anaishi Marekani.

Tuseme basi kuna wachezaji wanne barazani Rumonge. Wanataka kuunda taa itakayokiita kilicho chini kabisa ya ziwa, mita 1,470 kutoka jua. Msimuliaji anasema ndiyo. Mafuta yatoke kwenye mchikichi uliopandwa na mtu aliyezama. Kioo kiko ng'ambo, kwa mama mmoja ambaye hauzi kitu, hukopesha tu. Aliyebaki akijua kufunga utambi wake ana ugomvi na mmoja wenu, mtaniambia ni nani na kwa nini. Na taa hiyo, kama taa zote za ziwa hili, haina maana mwezi ukiwa juu. Wanatazama angani kupitia migomba. Ni mwezi wa siku ya kumi na nne. Mmoja anavuta wavu wake uliochanika na kuanza kuushona, mwingine anauliza kuna mashua gani inayovuka alfajiri.